Kapu likikutwa hewani asubuhi: mashine ya kuandaa tishu ni ya kuaminiwa?

Swali: "Mwalimu, nafanya kazi katika maabara ya histolojia (ya kuchunguza tishu) ya hospitali moja ya misheni huku mashariki mwa Uganda. Mashine yetu ya kuandaa tishu ni ya zamani, ile ya duara yenye kapu linalohama kutoka chombo hadi chombo. Tunaiwasha jioni mara mbili kwa wiki, asubuhi tunatengeneza bloku. Mwezi uliopita tumelikuta kapu hewani mara mbili, na mara zote mbili lilikuwa kati ya zailini ya mwisho na nta ya kwanza. Siku zote mbili umeme ulikatika usiku. Mbali na hayo, bloku za matiti zinakuwa laini katikati, kesho yake zimebonyea. Biopsi ndogo za mlango wa kizazi nazo zinapasukapasuka kwenye kisu. Tumeongeza muda wa nta lakini hakuna nafuu. Alkoholi tunabadilisha kila mwisho wa mwezi. Daktari wa patholojia ameturudishia bloku 14. Msimamizi anataka tukope tununue mashine mpya ya kufungwa, wenzangu wanasema turudi kwenye kazi ya mkono. Hizi mashine zinaaminika kweli? Tufanye nini?"

Ndugu yangu, pole sana. Kila bloku kati ya hizo 14, yaani kila kipande cha tishu kilichozamishwa kwenye nta, ina mtu wake, na naamini ndiyo sababu umeandika. Nimeyasoma maelezo yako zaidi ya mara moja. Ninachokiona ni magonjwa matatu ambayo ninyi mmeyapa jina moja, "mashine mbovu". Titi laini lina sababu yake, biopsi (kipande kidogo cha tishu kilichochukuliwa kwa mgonjwa) inayopasuka ina yake, na kapu kukutwa hewani ni jambo jingine kabisa. Mkinunua mashine mpya leo, la kwanza na la pili mtahama nayo.

Tuanze na kazi yenyewe, maana ukiielewa hutahitaji kubahatisha. Tishu imejaa maji, na nta haipatani na maji. Kwa hiyo formalini huishika tishu isioze na isibadilike, alkoholi huyatoa maji kidogo kidogo kuanzia asilimia 70 hadi 100, zailini huitoa alkoholi kwa kuwa inapatana na alkoholi na pia na nta, na mwishowe nta huchukua nafasi ya zailini. Ni msururu wa mabadilishano, na kila kituo hufanya kazi yake ikiwa tu kituo kilichotangulia kimemaliza yake. Maji yakibaki katikati ya kipande, zailini haitafika pale, na nta haitafika pale hata ukae nayo hadi kesho kutwa. Ndiyo maana kuongeza muda wa nta hakukuwasaidia. Mliongeza dawa ya ugonjwa usiokuwapo, na biopsi zenu ndogo zikazidi kuumia kwa joto la bure.

Sasa titi. Titi ni mafuta mengi, na mafuta huzuia formalini na alkoholi zisipite upesi. Peter Medawar alionyesha mwaka 1941 kwamba kina ambacho dawa hufikia ndani ya tishu hakiendi sawasawa na muda, kinaenda na kipeuo cha pili cha muda. Kwa lugha ya benchi: kipande chenye unene mara mbili kinataka muda mara nne. Ukikata cha milimita 3, kingine cha milimita 6, ukaviweka katika programu moja, kile cha pili hakijakaribia kumaliza wakati cha kwanza kiko tayari. Na kaseti yenyewe, kile kisanduku cha plastiki kinachoshika kipande, ndani ina nafasi ya milimita 5 hivi tu. Kipande kinachokandamizwa na kifuniko hakina njia ya dawa kuzunguka. Titi libaki kwenye milimita 3, basi. Ukitaka kujihakikishia, chukua bloku moja iliyorudishwa, bonyeza katikati kwa ukucha. Ikiingia ndani kama ugali wa moto wakati pembeni ni ngumu, na ukisikia bado harufu ya zailini au formalini, hapo kati hapakuandaliwa. Nta haikufika.

Lakini mimi nashuku zaidi hatua za kabla ya kaseti. Titi linatoka chumba cha upasuaji likiwa ndani ya nini? Nimeona mara nyingi titi zima limesukumwa ndani ya kopo dogo, formalini imelifunika juu juu tu. Linafika maabara kesho yake likiwa limeiva ngozi huku ndani ni bichi. Formalini iwe mara 10 hadi 20 ya ujazo wa tishu, na titi likifika lipasuliwe vipande kama mkate siku hiyo hiyo, kila kipande kipate dawa. Kumbuka pia kwamba formalini tunayoiita asilimia 10 ni sehemu moja ya ile kali ya dukani na sehemu tisa za maji, pamoja na chumvi zake za fosfeti: gramu 4 za ile yenye tindikali na gramu 6.5 za ile isiyo na maji kwa kila lita. Kuna maabara nilikokuta mtu anaichanganya kwa kukadiria na macho. Msifanye hivyo. Kama mgonjwa atapimwa vipokezi vya homoni kwa ajili ya tiba ya saratani ya titi, muda unaokubalika ndani ya formalini ni saa 6 hadi 72, kwa hiyo andikeni saa iliyoingia, na isiishie kuwa tarehe peke yake.

Biopsi za mlango wa kizazi zina shida iliyo kinyume. Kipande cha milimita 2 kinakaa saa 14 katika programu iliyotengenezwa kwa ajili ya titi. Alkoholi kali na zailini zinakinyonya hadi tone la mwisho la maji, hata yale ambayo tishu inayahitaji ili ikatike vizuri, kisha nta ya moto inakikausha kabisa. Ukikiweka kwenye mikrotomu, mashine ya kukatia bloku, unapata mistari kama ya pazia la dirisha na nyufa kama matope ya ziwa wakati wa kiangazi. Nchini kwetu kati ya saratani zote, ya mlango wa kizazi ndiyo inayowaua wanawake wengi zaidi, na biopsi yenyewe ni punje. Haistahili kuchanganywa na titi. Biopsi hizo zipewe programu yake fupi ya mchana, nusu saa au chini ya hapo kwa kituo, na zimalizike ndani ya muda wa saa nne hivi. Kama mashine yenu haina programu ya pili, hizo ndizo za kufanya kwa mkono, na wenzako hapo wana haki.

Alkoholi kubadilishwa "kila mwisho wa mwezi" ndilo jambo lililonisumbua kuliko yote. Kalenda haijui mmepitisha kaseti ngapi. Kila kapu likihama linabeba maji ya kituo kilichopita na kuyamwaga katika kinachofuata. Mwezi wenye kaseti 200 na mwezi wenye kaseti 700 havilingani. Hesabuni kaseti, mwandike kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye mashine, na mkifika idadi mliyojiwekea mwondoe alkoholi ya kwanza, nyingine zisogee nafasi moja mbele, ile mpya safi iingie mwisho kabisa. Msiongeze tu juu pale ilipopungua. Ile iliyobaki chini ndiyo yenye maji. Nunueni kipima-alkoholi cha kioo, ni cha bei ndogo, mpime hata pipa jipya linalokuja, kwa sababu siyo kila kinachouzwa kama asilimia 99 kinafika huko. Na kuna kipimo cha macho ambacho sijawahi kukiacha: angalia zailini ya kwanza kila asubuhi. Ikiwa na ukungu mweupe kama maji yaliyooshea mchele, maji yamepenya hadi huko na alkoholi zote zilizotangulia zimechoka. Usiwashe tena kabla ya kubadilisha.

Tuje kwa kapu, maana hapa ndipo mashine yenyewe inapohusika.

Mashine ya aina yenu ina vituo 12, kwa hiyo kapu linahama mara 11, na kila linapohama linachuruzika hewani dakika moja hivi. Hizo ni dakika 11 ndani ya usiku wa saa 14, yaani dakika 840. Umeme ukikatika mara moja kwa usiku, uwezekano wa kulikuta kapu hewani ni kama 1 kwa 76. Ninyi mnaiwasha mara nane tu kwa mwezi, mkalikuta hewani mara mbili, tena pahali palepale. Hiyo siyo bahati mbaya. Kuna kitu kinalisubiri kapu pale, na kitu hicho nadhani ni nta iliyoganda.

Fikiria usiku wenyewe. Umeme unakatika saa sita. Kapu limo ndani ya alkoholi, halina shida. Nta kule mwisho inaanza kupoa, inafanya utando juu, kisha inaganda. Saa nane na nusu umeme unarudi. Saa ya mashine inaendelea pale ilipoishia, lakini nta haiendelei pale ilipoishia. Lita moja na nusu ya nta iliyoganda inataka saa kadhaa kuyeyuka hadi chini. Zamu ya kapu inafika, linanyanyuka kutoka kwenye zailini, linashuka, linagonga kitu kigumu. Mashine nyingine zina kinga, zinasimama zikiwa zimenyanyua kapu. Nyingine zinalikalisha juu ya nta kama sahani juu ya meza. Kwa vyovyote, zailini inakauka haraka na tishu inabaki wazi mpaka mfike.

Hili limenipata. Miaka iliyopita, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilifika nikakuta kapu limezama nusu ndani ya nta ngumu. Nikalazimisha liende juu. Kifuniko kikafunguka, kaseti mbili zikabaki zimekwama, na mota ya kunyanyulia ikaungua. Moja kati ya zile kaseti ilikuwa biopsi pekee ya mama mmoja aliyetoka mbali na Kampala, na ilibidi aitwe tena. Kwa hiyo nakuomba: ukikuta kapu limekwama kwenye nta, usivute. Tishu iliyomo ndani ya nta iko salama hata kama nta imeganda. Rudisha joto taratibu, subiri iyeyuke yote, ndipo unyanyue.

Fanya jaribio hili wiki hii, siku isiyo na kazi, bila tishu ndani. Yeyusha nta zote, weka kipimajoto katikati, kisha chomoa waya ukutani. Andika joto kila dakika 15 mpaka uone utando juu. Halafu rudisha umeme na uandike inachukua muda gani nta kuyeyuka yote hadi chini. Nta ya kawaida inayeyuka kwenye nyuzi 56 hadi 58, na beseni likae nyuzi mbili hadi nne juu ya hapo. Usiamini namba ya kwenye kitufe cha mashine, amini kipimajoto chako. Namba hizo mbili, muda wa kuganda na muda wa kuyeyuka, zitakuambia mengi kuliko fundi atakayekuja kuitazama mashine ikiwa nzima mchana.

Dawa ninayoipendekeza haina gharama: toeni nta kwenye usiku. Kapu lisubiri ndani ya formalini hadi saa tatu usiku. Alkoholi ziende kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi alfajiri, zailini saa kumi hadi saa moja asubuhi. Wewe au mwenzako mfike saa moja, muitazame nta kwa macho, muiguse kwa fimbo ya kioo hadi chini, ndipo mruhusu kapu liingie. Saa nne mnaanza kutengeneza bloku. Mnapoteza nusu asubuhi, lakini kama umeme utakatika usiku, kapu litakuwa limechelewa ndani ya alkoholi, na kuchelewa ndani ya alkoholi hakupotezi tishu. Ijumaa mfanye vivyo hivyo: tishu zisubiri ndani ya formalini na programu ianze Jumapili usiku, zisimalize Jumamosi na kukaa kwenye nta ya moto siku mbili.

Kuhusu betri za akiba, watu wengi hununua UPS ndogo ya kompyuta wakidhani wamemaliza. Mota na saa ya mashine hula umeme mdogo. Kinachokula ni vipasha joto vya nta. Soma wati zilizoandikwa kwenye kibao nyuma ya mashine kabla ya kununua chochote, na umwombe fundi atenganishe mambo mawili: betri ya kulishusha kapu mahali salama na kubeba dakika chache mpaka jenereta iwake, na jenereta ya kubeba joto. Wekeni pia kidhibiti volti, kwa sababu umeme unaporudi kwa kishindo ndio huunguza bodi za mashine.

Zile bloku 14 usizitupe, na usikubali mtu azitupe. Mwaka 1958 Denis Burkitt, aliyekuwa daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa taya za watoto, na waliokaa na slaidi ndio walioonyesha kwamba ni limfoma, saratani ya mfumo wa limfu. Jibu lilikuwa ndani ya kipande kidogo cha tishu. Za kwenu nazo zina majibu. Titi laini: yeyusha nta, futa, rudisha zailini mara mbili mpaka nta yote itoke, kisha alkoholi kamili mara mbili. Kama katikati bado ni bichi, shuka hadi asilimia 70, rudi kwenye formalini, kata kipande kiwe chembamba, halafu uanze safari upya na dawa mpya. Zilizokauka hewani baada ya zailini, zirudishe kwenye zailini safi saa moja kisha nta. Mara nyingi hukatika, ingawa chembe zitakuwa zimesinyaa na daktari wa patholojia aambiwe hivyo. Biopsi zilizopasuka hazirudi kuwa laini, lakini ukiuweka uso wa bloku kwenye maji ya barafu dakika chache na kukata polepole kwa kisu kipya utapata kitu cha kusoma. Na kabla ya yote hayo, nenda kwenye kopo la formalini. Kama tishu ya titi imebaki, kata kipande kingine. Kopo lisimwagwe kamwe mpaka ripoti iwe imetiwa sahihi na wiki mbili zimepita.

Mashine ya kufungwa ni nzuri, sitakuficha. Tishu inakaa pahali pamoja na dawa ndizo zinazokuja na kuondoka, kwa hiyo hakuna kapu la kuning'inia. Ina pampu ya kuvuta hewa inayosaidia nta kuingia, na mvuke wa zailini hauwafikii. Lakini inataka dawa nyingi zaidi kwa kila kituo, inataka vichujio, na inataka fundi aliyefunzwa mashine hiyo. Nta ikigandia ndani ya bomba au vali, hamtaweza kuifungua wenyewe kama mnavyoweza kuondoa beseni la mashine ya duara. Mtu akikosea chupa moja jioni, tishu zote zilizomo zinaharibika kwa pamoja, na humo huingia kaseti hadi 200 au 300. Kwa maabara inayowasha mara mbili kwa wiki, mimi nisingekopa. Swali la kumpelekea msimamizi ni hili: muuzaji ana fundi wa kukaa karibu kiasi gani, na atafika kwa siku ngapi? Akijibu "tutamleta kutoka ng'ambo," basi. Kwa fedha hizo tengenezeni themostati (kidhibiti joto), mnunue kidhibiti volti, kipima-alkoholi na vipimajoto viwili.

Kazi ya mkono nayo ina heshima yake. Kwa biopsi chache ni njia salama kabisa. Kwa kaseti 60 mtu huchoka, simu hulia, kituo husahaulika, na mvuke wa zailini huingia mapafuni. Mkiichagua, madirisha yafunguliwe, glavu ziwe za nitrili na zibadilishwe zikilowa, na moto wowote uwe mbali. Zailini hutoa mvuke wa kushika moto kuanzia nyuzi 27 hivi, na alkoholi kamili kuanzia nyuzi 13. Alasiri ya Tororo hupita nyuzi 27 bila shida. Nta isiyeyushwe kwenye sigiri ndani ya chumba hicho, hata siku moja.

Baada ya mabadiliko yoyote, msiijaribu mashine kwa mgonjwa. Nenda buchani, nunua maini ya mbuzi, yaweke formalini siku nzima, kata vipande vya milimita 2, 3, 4 na 5, vipitishe usiku mmoja. Asubuhi ukucha wako utakuambia mashine yenu inafikia unene gani.

Mwite fundi wa vifaa tiba aje mwenyewe, msijaribu wenyewe, kama kipimajoto kinatofautiana na mashine kwa nyuzi tatu au zaidi, kama mnasikia harufu ya waya kuungua, au kama kapu linasita hata nta ikiwa imeyeyuka yote; hapo nguzo ya kunyanyulia au mota ina shida. Na leo, kabla ya jioni, kaa na daktari wa patholojia na bloku 14 mezani. Zile ambazo hazina tishu iliyobaki kwenye kopo zitajwe kwa daktari anayemtibu mgonjwa, yeye ndiye atakayeamua kumwita tena. Asiambiwe baada ya wiki tatu kwamba majibu bado yanatafutwa. Ukishafanya jaribio la nta, niandikie dakika ulizopata, za kuganda na za kuyeyuka, pamoja na unene wa maini uliotoka vizuri, tupange programu yenu pamoja.